Gunia Lililolia Kwenye Mizani

Wacha niseme mwenyewe kabla dada yangu hajawaambia kwa njia yake: ni mimi niliyemtia mtoto wa mbwa ndani ya gunia la majani chai. Nilimtia kwa mikono yangu miwili, nikiwa na akili timamu, nikiwa pia ndiye niliyeongoza Bayolojia darasani muhula uliopita. Na hata leo mkiniuliza, nitasema wazo lenyewe halikuwa baya. Kilichoharibu mambo ni kwamba nilitumwa maji.

Mtu aliyekulia kwenye chai anajua hili hata kama hajui lingine: majani mabichi ukiyashindilia kwenye gunia yanapata joto. Ukichelewa kuyapeleka senta ya kupimia, ukiingiza mkono katikati unasikia kama umeutia kwapani mwa mtu mwenye homa. Ndiyo maana mama hugomba kila siku tusishindilie, maana yakipata joto yanageuka mekundu, tunasema yameungua, na karani wa kiwanda anayakataa. Sasa mimi nilikuwa na mbwa mdogo anayetetemeka kwa baridi, au ndivyo nilivyodhani, na mbele yangu kulikuwa na gunia lenye joto la bure. Niambieni nyinyi mngefanya nini.

Mbwa huyo alikuwa ametoka kwa mjomba wangu kule Sotik, Jumamosi. Nilikuwa nimemsumbua mama anipe ruhusa ya kufuga mbwa tangu darasa la nne, na kila mara aliniambia nyumba hii tayari ina mmoja wa kula na kulala. Likizo hii ya Agosti ndipo alipokubali, kwa sababu kuku walikuwa wameanza kupotea na baba anafanya kazi Nakuru, tunamwona mwisho wa mwezi. Mjomba alikuwa na watoto wa mbwa ambao mama yao alishachoka nao, akawa anawauma wakisogea kunyonya. Akawagawa wote siku moja.

Mama aliponiona nashuka kwenye matatu na mbwa ndani ya kiboksi, alifungua, akachungulia, akafunga tena.

"Nilisema mbwa," akaniambia. "Hii umeleta ni panya amevaa sweta."

"Atakua, mama."

"Lini? Kuku wanaisha."

Halafu akaacha mzaha. Alipanguza mikono kwenye leso yake, akaniangalia usoni. "Huyu ni wako. Akiugua ni wako, akila yai ni wako. Na akikufia mikononi, usinitajie tena neno mbwa mpaka siku utakayojenga kwako."

Mimi niko Kidato cha Tatu. Kujenga kwangu ni jambo la miaka mingine kabisa. Kwa hiyo nilielewa vizuri: nafasi ilikuwa hii moja.

Jioni ile alikula ugali uliolainishwa kwa maziwa ya kukwangua sufuria, akalamba sahani mpaka ikasogea sakafuni, akalala. Asubuhi yake, kabla ya kwenda kanisani, nikamkuta anatetemeka. Sisemi kutetemeka kidogo. Alitetemeka mwili mzima, hata masikio, kama simu iliyowekwa isilie.

"Pokea basi," nikamwambia. "Labda ni mjomba anapiga."

Dada yangu alicheka mpaka akamwaga chai. Hiyo ilikuwa mara ya mwisho jambo lile kunichekesha, kwa sababu Jumatatu asubuhi alikuwa vilevile, na safari hii alipojaribu kusimama miguu ya nyuma ilimkataa, akaketi, akaniangalia kama mtu aliyedanganywa.

Basi Jumatatu nikaenda naye shambani ndani ya sweta yangu ya shule. Kulikuwa na ukungu, majani yana maji, na ile epuroni ya plastiki tunayovaa kuchumia inakubandika baridi mapajani. Mbwa akaendelea kunitetemekea kifuani. Saa nne hivi nikaliona gunia letu, limejaa nusu na zaidi. Nikaingiza mkono. Moto safi. Nikachimba shimo, nikamweka, nikamfunika mpaka shingoni, nikamwachia pua nje. Kusema kweli alitulia. Alifumba macho. Nikajiona daktari.

Ndipo mama akaniita kutoka mstari wa juu: "Wewe! Ndoo hizo zinajijaza?"

Nikateremka mtoni. Nikiwa huko nikasikia honi ya lori la kiwanda, mapema kuliko kawaida, na ngurumo juu ya kilima. Kumbe mama, akiogopa mvua na akiogopa lori limwache, alimimina kikapu chake cha mwisho ndani ya gunia bila kuchungulia, akafunga mdomo kwa kamba, akajitwika mgongoni. Mimi nikirudi, gunia halipo. Niliziacha ndoo palepale.

Senta yetu ni kibanda cha mabati kando ya barabara. Siku ya kawaida kila mtu humwaga majani yake mezani, yanakaguliwa, ndipo yanapimwa. Lakini siku ile mawingu yalikuwa meusi, dereva anapiga honi bila kupumua, na karani alikuwa anatundika tu magunia kwenye mizani moja kwa moja. Nilifika nikihema wakati la mama linainuliwa kwenye ndoano.

Karani akaangalia mshale. Akaangalia gunia. Akainamisha sikio.

"Mama," akasema polepole, "hii majani yako inalia."

"Majani yangu inafanya nini?"

"Inalia. Sikiza."

Foleni nzima ikanyamaza. Na kweli, kutoka tumboni mwa gunia, ikatoka sauti nyembamba, iiiii, ya kitu kinacholaumu dunia.

"Hiyo ni majani mawili na nini?" akauliza jirani yetu mmoja, mama mnene asiyekosa neno. "Sisi tunachuma majani mawili na kichipukizi. Wewe umeongeza roho?"

Watu wakaangua kicheko. Mama hakucheka. Aligeuka polepole kabisa, bila kutafuta, akanipata hapohapo nilipokuwa nimejificha nyuma ya nguzo. Sijui mama hufanyaje hivyo.

Karani akafungua kamba. Mbwa akatoka na majani kichwani, kama bibi harusi wa maskini, na kabla hatujamtoa vizuri akakojoa. Ndani. Karani akarudi nyuma, akainua mikono miwili.

"Mama, pole sana. Kiwanda hakiwezi kuchukua hii."

Tukarudi nyumbani, mama mbele na gunia lililokataliwa, mimi nyuma na mbwa. Mvua ilitukuta njiani. Tulipofika, akayamwaga majani yote kwenye shimo la mbolea, jasho la asubuhi nzima. Ndipo akasema, bila kupaza sauti, na ndiyo mbaya zaidi: "Kesho saa kumi na mbili uko kwa chai peke yako. Hakuna kugusa kikombe wala sahani mpaka ujaze gunia kama hili."

Na mbwa? Mbwa alikuwa amekauka, amepata joto, amepelekwa na kurudishwa. Jumanne asubuhi alikuwa anatetemeka.

Jumanne ilinyesha mvua ya mawe tangu alfajiri, ile inayopiga mabati mpaka huwezi kusikia unachofikiria. Hakuna anayechuma chai siku kama hiyo. Mama alisimama mlangoni akitazama machipukizi yakivunjika, akanigeukia. "Umeokoka leo. Adhabu haiozi." Basi nikakaa ndani na watu wenye majibu. Hakuna kitu kinachochosha kama familia nzima yenye majibu.

Kogo, yaani nyanya yangu, mzaa baba, alisema ni baridi. "Mtoto huyo alizoea kulala kwenye tumbo la mama yake. Mlete jikoni." Tukahamisha boksi mpaka karibu na mafiga, kogo akamfunika kwa blanketi lake kuukuu. Ni kweli, alilala vizuri. Alikuwa na joto kama mkate. Jumatano asubuhi nikatia mkono: joto lipo, na mtetemo upo.

Dada yangu, aliye darasa la sita na anayejiona hakimu, alisema mbwa ananiogopa mimi. "Usiku wa kwanza ulimwekea sauti ya simba kwa simu."

"Ilikuwa mara moja!"

"Mara tatu. Nilihesabu. Hata mimi ningetetemeka."

Sawa. Nikakubali kwamba simba haikuwa busara. Nikakaa mbali, nikamwachia yeye, akamwimbia nyimbo za Sunday school, akambembeleza kwa ile sauti ya kitoto anayoitumia wageni wakija. Mbwa akamlamba mkono. Akatetemeka huku anamlamba. Nikamwambia dada, "Ona, sasa anaogopa sauti yako," akanirushia kijiko. Woga ulikuwepo, sikatai. Mawe yakipiga bati alikuwa anajikunja na kuficha kichwa, na hata sasa hufanya hivyo. Lakini asubuhi ya Jumatano hakukuwa na mawe wala simba. Kulikuwa na jogoo tu.

Nikatafuta kwa simu ya mama. Simu ikaniambia mtoto wa mbwa anaweza kutetemeka kwa baridi, kwa woga, kwa furaha, kwa homa, kwa sumu, kwa maumivu, kwa minyoo, kwa njaa, kwa ndoto. Furaha! Nilitaka kuitupa simu ile motoni. Nilikuwa naomba sababu moja, napewa duka zima. Niliyoyaweza nikayafuta mwenyewe. Sumu, hapana, hakuna aliyepulizia dawa shambani wiki ile. Ndoto, hapana, macho yalikuwa wazi. Njaa niliiruka haraka kabisa, maana kila jioni alikula mpaka tumbo likawa kama mpira. Halafu bando likaisha, mama akauliza nani amemaliza bando lake, nikasema mbwa.

Hapo kwenye njaa lazima niwaeleze kitu. Kwetu mbwa anakula mara moja, jioni, watu wakishamaliza. Asubuhi hapewi kitu. Wanasema mbwa akishiba mapema atalala mchana kutwa na usiku atawalinda wezi badala ya kuku. Na maziwa ya asubuhi ni ya mtungi, na mtungi ni wa mtu wa maziwa anayepita na pikipiki. Hakuna aliyewahi kukaa chini anifundishe hiyo sheria. Nilizaliwa nikaikuta, kama nilivyolikuta paa.

Jumatano hatukuchuma, mama alitaka mashina yapumzike baada ya mawe, kwa hiyo mchana nikambeba mpaka dukani, kwa muuza dawa za mifugo. Huyo alimgeuza juu chini, akabonyeza tumbo, akasema, "Minyoo. Tumbo kubwa, mbavu nje. Hii ni minyoo, kijana." Akanipa dawa ya maji. Na kweli minyoo ilitoka, mnisamehe mnaokula, kama tambi. Nikasema basi, tumemaliza, nimeshinda. Nililala usingizi wa mshindi.

Alhamisi asubuhi alitetemeka kuliko siku zote.

Nilikaa kwenye kigoda cha kogo nikiwa nimemshika, na nitasema wazi, nilimkasirikia. Nilimkasirikia yeye, kiumbe kisichofika hata kilo mbili. "Unataka nini?" nikamwambia. "Joto umepewa. Dawa umepewa. Simba nimezima. Sema!" Akanilazia kidevu kwenye kidole gumba, akaendelea na mtetemo wake. Ufizi wake, alipopiga mwayo, ulikuwa mweupe. Nikaogopa. Nilikuwa nimeshaona ndama akifa, na nilijua ile namna macho yanavyoacha kukufuata.

"Adhabu," mama akaita kutoka nje.

"Mama, mbwa anazidi."

"Mbwa ana blanketi. Majani hayana mtu."

Nikaenda. Hewa ilikuwa safi baada ya mvua, machipukizi yaliyobaki yamesimama, na mimi peke yangu kwenye mstari na tumbo tupu, nikichuma kwa hasira. Mwanzoni hasira ilinisaidia. Kisha jua likapanda na nikaanza kuona vidole vyangu havinisikii. Nakata chipukizi, linaanguka nje ya kikapu. Nakata jingine, linaanguka. Jasho baridi, magoti mepesi, na mikono, mikono yangu mwenyewe, inacheza. Nikaibana kwapani. Ikaendelea kuchezea humo humo.

Kogo alikuwa anateremka na chupa ya chai ya kumpelekea mama mstari wa chini. Akasimama, akanitazama kwa muda.

"Weri," akaniita, ndivyo anavyotuita wavulana kwa Kipsigis, "unatetemeka kama mbwa wako."

Akamimina chai kwenye kifuniko cha chupa, ile ya kwetu yenye maziwa mengi na sukari ya kogo, ambayo ni sukari yenye chai. "Kunywa. Mama yako nitampigia magoti mimi."

Nikanywa. Nikanywa cha pili. Nikakaa chini kwenye majani nikiitazama mikono yangu, na baada ya dakika chache ikatulia kama injini iliyozimwa.

"Kogo, mimi nilikula mwisho lini?"

"Jana usiku. Si umefungwa mdomo?"

"Na mbwa alikula lini?"

"Jana usiku. Mbwa ni wa jioni."

"Na mimi nina kilo hamsini na kitu."

"Eh?"

Nilivua kikapu, nikakimbia. Nyuma yangu nikamsikia mama, "Gunia limejaa?" na kogo akijibu kitu sikusikia. Nilikimbia nikijitukana kwa lugha zote ninazozijua, na moja ninayoisoma tu. Usiku mzima. Kuanzia jioni mpaka jioni. Mtoto aliyezoea kunyonya kila akiamka, nimempa ugali mara moja, nikamwambia ngoja kesho. Halafu nikampelekea blanketi!

Jikoni mbwa alikuwa haketi tena. Alikuwa amelala ubavu, shingo legevu, miguu ya mbele inapiga piga hewani kama anayeogelea. Nikamwita. Macho hayakunifuata.

Mtungi wa maziwa ulikuwa mlangoni ukingojea pikipiki. Nikafungua, nikachota kikombe kizima. Nikamimina kwenye sufuria, nikatia sukari, nikayapasha. Nikamfungua mdomo, nikamwagia. Yakatoka pembeni, yote, yakalowesha blanketi la kogo. Nikajaribu tena, akakohoa kidogo tu, nikaacha. Hamezi! Nilitaka kupiga ukuta ngumi. Jibu nimelipata, chakula ninacho, na mlango umefungwa.

Kisha nikakumbuka tunavyomfundisha ndama kunywa kwenye ndoo. Humwagii ndama. Unachovya kidole, unamtia kidole mdomoni. Nikachovya kidole kwenye sukari iliyoyeyuka chini ya sufuria, nikampaka kwenye ufizi. Nikachovya tena. Ndani ya shavu. Tena, chini ya ulimi. Ulimi ulikuwa baridi. Nilikuwa naongea, sijui nilichokuwa nasema, nafikiri nilimwahidi kuku.

Ulimi ukasogea.

Si sana. Ukarudi ndani, ukatoka tena, ukatafuta. Nikatia kidole na akakivuta, kwa nguvu ya mdudu, lakini akakivuta. Nikaendelea mpaka akaweza kumeza, kisha nikamwekea maziwa kwenye kiganja, akayalamba yote, akauma kiganja chenyewe.

Sijui pikipiki ilifika getini saa ngapi, mara mama akaingia na mfuniko wa mtungi mkononi.

"Nani amegusa maziwa? Mtu wa maziwa amepima, yamepungua mbele yangu, kama mwizi nasimama pale! Na gunia umeliacha nusu! Wewe unani..."

"Hatumlishi!" nikapiga kelele. Sijawahi kumpigia mama kelele na sikushauri. "Hakuna baridi, hakuna simba, hakuna nini! Tunamfungisha usiku na mchana kama maombi ya kanisa, na yeye hata kuomba hajui! Mimi nimekaa asubuhi moja tu bila chai, nimetetemeka, na mimi ni mkubwa hivi! Yeye atafanyaje? Ataweka wapi chakula cha siku nzima, kwa mkia?"

Honi ya pikipiki ikalia getini, mama hakugeuka. Alipiga magoti kando ya boksi, akaweka mgongo wa mkono kwenye mbavu za mbwa, kama anavyotushika paji la uso tukiwa na homa. Akangoja. Mbwa alikuwa ametulia. Hakuna sikio lililocheza. Akainua kichwa, akamnusa mama kidole, akaanza kukilamba akitafuta maziwa pale ambapo hayakuwepo.

Mama akamwachia kidole mpaka akamaliza kukilamba. Kisha akasimama, akachukua mfuniko wake, na alipofika mlangoni akaniambia:

"Kuanzia kesho huyu anakunywa maziwa asubuhi, saa nne, mchana na jioni. Yatatoka kwenye kikombe chako. Wewe utakunywa strungi, chai bila tone la maziwa, mpaka siku atakayobweka."